Chupa ya Kumi na Mbili Iliyokwenda Midrand

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni siku niliyoshindana mbio na jua. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa sita, baridi ya Johannesburg imekaza kama ngozi ya ngoma. Mimi, mtu ambaye mpaka leo nikitumwa dukani huaga kama naenda Hija, nilitoka nyumbani mbio bila kofia.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi uliniona nikitia maji ya limau kwenye chupa za nyanya, ukacheka, ukasema kwa hicho Kiingereza chenu kwamba babu anatengeneza dawa. Sikukujibu kwa kuwa nilikuwa nimeuma uzi mdomoni, kama kawaida ya fundi nguo. Na jibu lenyewe ni refu kuliko subira yenu ninyi mliozaliwa hapa, mnaoelewa Kiswahili chote isipokuwa pale mnapotumwa kuosha vyombo. Basi lisome taratibu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka Tanga na cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa plastiki, nikapanga chumba cha uani kule Bertrams, karibu na uwanja wa mpira kiasi kwamba siku ya mechi watu wakishangilia goli sindano yangu ilikuwa ikiruka mshono. Nilikuwa fundi cherehani. Sikuichagua kazi hiyo kwa kipaji. Niliichagua kwa sababu hufanywa umekaa, ndani, karibu na birika. Vijana wenzangu waliujua mji mzima na mimi niliujua uani, na ukinipa nafasi ningekueleza kila ufa wa ukuta wake.

Upande wa pili wa uani huo aliishi Mama Rejina, Mkongomani wa Bukavu, mjane, aliyewahi kupika miaka mingi katika jiko la masista huko kwao. Kiswahili chake na changu vilikuwa ndugu wa baba mmoja waliolelewa nyumba mbili. Alicheka changu kwamba kimevaa tai; nami nilicheka chake kwamba kimevua viatu. Tulielewana kabisa.

Kwetu Tanga ardhi haijui likizo. Ukitupa mbegu ya papai dirishani, baada ya muda unadaiwa kivuli. Kwa hiyo baridi yangu ya kwanza hapa ilinitisha. Nyasi ziligeuka rangi ya gunia, mti wa mapichi wa uani ukabaki mifupa mitupu, na asubuhi moja maji ya bomba yalikataa kutoka, yameganda. Nilidhani nchi imekufa na hakuna aliyenipa taarifa. Siku hiyo Mama Rejina aliniita chumbani kwake, akashusha chupa ya kioo kutoka juu ya kabati, akazungusha kifuniko.

Mwanangu, nilishika meza. Ndani ya chumba kile, nje kukiwa na baridi ya kuvunja meno, ulitoka mwezi wa pili mzima. Harufu ilikuwa ya mapichi yaliyoiva juani, na ukifumba macho ungeapa unasikia na nyuki. Vipande vilikuwa vya dhahabu, vimelala kwenye maji yao ya sukari kana kwamba mtu ameliambia jua, kaa hapa, nikikuhitaji nitakuita. Nilikula bila kusema neno, na wanaonijua watakwambia hilo lenyewe ni muujiza.

"Umeshangaa," Mama Rejina alisema.

"Mama, hii ni uchawi."

"Haiko uchawi. Iko kazi."

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kiangazi kilichofuata alinifundisha. Tulichuma mapichi, tukayamenya, tukayapanga chupani, tukamimina maji ya sukari ya moto, tukafunga, kisha tukazizamisha chupa zote ndani ya sufuria kubwa ya maji yanayochemka, na yeye akahesabu muda kwa rozari yake. Tukaziopoa, tukazipanga juu ya taulo. "Sasa nyamaza," akasema. "Sikiliza."

Nikasikiliza. Baada ya kitambo, kifuniko cha kwanza kikalia: tik. Kikawa kimebonyea katikati chenyewe, hakuna aliyekigusa. Halafu cha pili, tik. Ilikuwa hewa, mwanangu, hii hii tunayoipita kila siku bila kuisalimia, imekuja kukalia vile vifuniko na kuvifunga kwa uzito wake. Nilikaa mbele ya zile chupa kama mtu anayengoja kuku aangue. Kila iliyolia nilisema alhamdulillahi, na Mama Rejina akafanya ishara ya msalaba, kila mtu kwa Mola wake, tukaendelea hivyo mpaka chupa ya mwisho.

Tangu hapo nilishikwa. Mtu mwingine hushikwa na pombe.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, Mama Rejina alisafiri kwenda Cape Town kumlea binti yake aliyejifungua. Pale mlangoni, begi mkononi, aliniachia maagizo. "Mapichi, weka. Nyanya, weka, lakini utie ndimu. Maharagi, ungoje mi nirudi. Kama inakushinda kungoja, uyatie mu siki. Umesikia, Rajabu?"

"Nimesikia, Mama."

Nilisikia kweli. Masikio yangu hayakuwahi kuwa na kasoro, kasoro ilianzia ndani zaidi. Nilikuwa nimepanda mistari miwili ya maharage kando ya ukuta, yale machanga yanayoliwa na maganda yake, na mwaka ule yalizaa kwa matusi. Nikila mimi, nikawapa wateja, nikawapa majirani, kesho yake yamejaa tena. Siki sikuitaka. Mtu wa Tanga ameijua achari kabla hajajua kutembea, na mimi nilitaka nile maharage yenye ladha ya maharage, katikati ya baridi, nione wenzangu wanavyonihusudu.

Kisha nilikuwa na elimu yangu. Ya kidato cha nne, usiicheke. Nilijua kwamba maji huchemka kwa nyuzi mia moja, na kwamba hakuna mdudu anayeoga maji ya nyuzi mia akatoka akijifuta. Mama Rejina hakusoma fizikia. Nikasema moyoni, huyu mama mpishi mzuri, lakini ana woga wa watu wa zamani. Nikajaza chupa kumi na mbili kwa maharage, maji na chumvi, nikazichemsha saa nzima, nikaongeza na robo saa ya heshima kwa marehemu bibi yangu. Zikalia zote kumi na mbili, tik, tik, tik, hakuna hata moja iliyonigomea.

Laiti ungeziona! Nilizipanga kwenye rafu juu ya cherehani, na asubuhi jua likipita katikati yake, chumba chote kiligeuka kijani kama chini ya maji. Wateja walikuja kupimwa suruali wakasahau kusema urefu. Niliapa sitaonja hata moja mpaka Mama Rejina arudi, maana nilimtaka awe shahidi wa ushindi wangu. Kiburi, mwanangu, wakati mwingine humkinga mtu kwa bahati mbaya.

Chupa moja tu ilitoka. Nilikuwa na rafiki yangu wa kutoka nyumbani, Hamisi, mlinzi wa geti la mtaa mmoja wa matajiri huko Midrand, ambako alikuwa akilala wiki nzima na kuja mjini Jumapili. Hamisi alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi baridi yote, na nilikuwa nikimtania kwamba anamuuzia Mungu siku fupi kwa bei ya ndefu. Jumapili ile alisimama mbele ya rafu.

"We Rajabu, hizi za kula au za kuswalia?"

"Za kula. Lakini si leo."

"Nipe moja nifuturie Alhamisi. Mlinzi ananuka mkate mkavu, bwana. Nihurumie."

Nilimpa, nikaisindikiza kwa macho mpaka kona.

Alhamisi hiyo, mnamo saa nane mchana, Mama Rejina akarudi. Hata begi hajafungua, nikamvuta chumbani kwangu, nikamketisha kwenye kiti cha wateja, nikaishusha chupa ya kwanza kwa mikono miwili. Aliitazama. Uso wake, uliokuwa ukicheka, ukazimika.

"Umetia siki?"

"Hata tone. Maharage matupu, Mama, kama yalivyotoka shambani."

"Ulipika mu sufuria ya presha?"

"Sufuria ile ile ya mapichi. Saa nzima na robo."

Nikashika kifuniko nizungushe. Aliruka, mwanangu, mama wa umri ule, akanishika kifundo cha mkono kama polisi.

"Ulikula?"

"Bado. Nilikungoja."

"Ulimupatia mutu?"

Hapa ndipo ninapotaka ulisome polepole, maana hapa ndipo nilipokosea. Maharage yalikuwa kosa la ujinga, na ujinga una dawa. Nilimwona Mama Rejina bado hajaniachia mkono, nikaona aibu. Nikafikiri nitampiga chenga kwanza, nimwoneshe kwamba anaogopa bure, halafu habari ya Hamisi itajifia yenyewe. Nikasema, "Hapana, Mama."

Akashusha pumzi, akakaa. "Bon, vizuri. Sikiliza. Kuna kamududu kadogo kanalala mu udongo. Maji ya moto haikaue. Kanajifunika, kanangoja. Ukikafungia mu chupa haina hewa, haina uchachu, weye mwenyewe unakatandikia kitanda. Kakiamuka, kanatoa sumu. Haina harufu. Haina rangi. Kwa masista tulizika mupishi mwenzangu, Rajabu. Alionja kijiko moja, aone kama chumvi inatosha."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nilikohoa kama mwalimu. "Pole sana, Mama. Ila kisayansi maji yakichemka yanafika nyuzi mia. Hakuna kitu kinachobaki hai."

"Nyuzi mia," akasema.

"Mia kamili."

Hakubishana. Alikwenda chumbani kwake, akarudi na kipimajoto kirefu cha kioo, kile cha kupikia jemu, kilichofungwa kwenye soksi. Akabandika sufuria yangu juu ya jiko langu. Tukangoja. Maji yakaanza kuimba, yakatoa mapovu, yakaruka. Akakitumbukiza kipimo. "Unajua kusoma. Nisomee."

Nikainama. Tisini na nne.

"Bado hayajachemka sawasawa," nikasema.

"Yanaruka mpaka yananitemea, unasema bado?"

Nikapandisha moto mpaka mwisho. Maji yakapiga kelele, yakamwagika pembeni, mvuke ukajaza chumba, dirisha likalia machozi. Nikasoma tena. Tisini na nne. Nikafuta kioo kwa shati. Tisini na nne. Nilitia moto wote niliokuwa nao, na ile alama ilisimama pale pale kama punda wa Pangani. Nikaogopa, mwanangu, kwa namna ambayo sijaogopa tena. Nilijua sitazami kipimo kilichoharibika. Kilikuwa kizima, na mimi ndiye niliyekuwa nimeishi mahali miaka miwili bila kujua niko wapi.

"Bukavu iko juu," Mama Rejina alisema taratibu. "Maharagi ya Uvira, kule chini, inaiva mbio. Yetu ya mulima inakulaza njaa, na maji iko inaruka vilevile. Mama yangu hakusoma, alijua. Maji ya juu inachemuka mbele haijapata moto yake yote. Hata moto ya Uvira, hata ya kwenu Tanga, haikaue kale kamududu. Hii ya hapa sasa, iko maskini zaidi."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Katika mtihani wangu wa kidato cha nne kulikuwa na swali linalouliza kwa nini wapanda mlima Kilimanjaro hukawia kuivisha chakula. Nililijibu. Nilichora na mchoro. Nilipata alama zote! Niliandika kwa mwandiko mzuri kwamba mahali pa juu hewa ni nyepesi, na maji huchemka kabla ya nyuzi mia. Kisha nikaja kuishi juu kuliko Lushoto, kwenye mlima mpana kiasi kwamba wamejenga jiji zima juu yake na hakuna anayeona mteremko, nikanunua sufuria. Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta nilikuwa nayo, nimeifunga kwenye plastiki.

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mama, kuna moja imeenda Midrand."

Aligeuka.

"Nani?"

"Hamisi. Amefunga leo. Atafuturia."

Nilitegemea kofi. Hakunitazama hata kidogo. Alitazama dirishani, jua lilipofika, akasema neno moja: "Wende."

Utaniuliza kwa nini sikupiga simu. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa za watu wenye magari, na ya getini kwao sikujua namba. Nilivuka uani, nikavuka barabara, nikakumbuka kwamba sijui gari za Midrand zinapandwa wapi. Mtu aliyejisifu miaka miwili kwamba hahitaji mji, sasa anauhitaji wote kwa mkupuo. Nikauliza kwa Kizulu changu cha kuombea chenji. Kijana mmoja akaniambia, "Eish, kaka, umepotea vibaya," akanishika mkono akanipeleka mpaka garini. Sikumjua, sijamwona tena, na mpaka leo namwombea.

Njiani, kila taa nyekundu iliyotusimamisha niliiona ina kinyongo nami. Jua la mwezi wa sita halina subira, likifika saa kumi na moja na nusu limeshaingia. Nilikaa dirishani, nikaitazama nchi ile tambarare, nyasi kavu zimeshika moto wa magharibi mpaka upeo wa macho, nikajiambia, Rajabu, uko kileleni. Hayo magari yote yako kileleni, na hao watu na majumba yao pia. Mungu alituweka mabegani mwa mlima akauficha mlima usituogopeshe. Na mwanadamu anayetembezwa juu ya ajabu kama hiyo, yeye anajua kujivunia chupa za maharage.

Midrand ile ina mageti kama viatu mlangoni kwa msikiti wa Mayfair siku ya Ijumaa: yote yanafanana, na hakuna lako. Nilikimbilia la kwanza, silo. La pili, mlinzi akanionesha rungu. Jua likagusa paa. Nilipofika la nne mwanga ulikuwa umebaki kama mstari wa chaki, na kibandani niliona koti la Hamisi limetundikwa, lakini Hamisi haonekani.

Nikachungulia. Kwenye stuli kulikuwa na kokwa tatu za tende, kikombe, na chupa yangu. Imefunguliwa. Kijiko kimesimama ndani yake.

Hamisi alikuwa nyuma ya mlango, juu ya kipande cha boksi, anaswali Magharibi.

Unajua desturi yetu: tende na maji kwanza, kisha swala, kisha chakula. Katika maisha yangu sijawahi kuishukuru sunna kama siku ile. Lakini je, kama alionja kwanza? Simkatizi mtu swala yake. Nikaichukua ile chupa, nikaikumbatia kifuani, nikasimama. Hamisi niliyemjua huswali Magharibi kama mtu anayeacha chungu jikoni. Jioni ile alipata unyenyekevu wa mawalii. Alisujudu, nikadhani amelala. Alipotoa salamu ya pili, shingo yake ikakwama upande wangu.

"Astaghfirullahi! Rajabu? Mwizi wa futari!"

"Umeonja?"

"Umetoka Bertrams kuja kuninyang'anya ulichonipa?"

"Hamisi, nakuuliza kwa Mungu. Umeonja?"

Akaona nilivyo, naye kwa utani wake usio na breki akapangusa mdomo. "Nimeonja, bwana. Vijiko viwili. Chumvi ndogo."

Nilikaa chini. Sijui uso wangu ulikuwaje, ila Hamisi alipiga magoti mbele yangu upesi. "Nakutania! We, Rajabu, nakutania, wallahi sijaonja! Tazama, imejaa mpaka mdomoni. Kijiko nilikorogea chai, nikakichomeka humo kinisubiri niswali. Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna," nikasema. "Hakuna aliyekufa." Nikaanza kulia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

Nilimweleza yote, kipimajoto, mdudu, mpishi wa masista. Aliipokea chupa, akaiinua kwenye taa, akaigeuza. Maji yake yalikuwa maangavu. Maharage yalikuwa kijani kile kile. Ilikuwa nzuri, mwanangu, nzuri kupita kiasi, na hakuna jicho la mtu ambalo lingeweza kuona humo kifo wala uhai.

"Kwa hiyo hii ina sumu."

"Sijui."

"Hujui?"

"Huenda haina. Haionekani."

"Yaani wewe, Rajabu, ambaye harusi ya dada yangu ulikosa kwa sababu kulikuwa na manyunyu, umekuja mpaka Midrand, kwa miguu ya mbio, kwa ajili ya sijui?"

"Ndiyo."

Akaiweka chupa chini, mbali na mkono wake. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa mkate wa slesi, akaukata sawa kwa sawa, akanisukumia nusu na kikombe chake cha chai. Nilikwenda kumnyang'anya mtu futari, nikalishwa. Nje geti lilifunguka na kufungwa, magari ya wenye nyumba yakaingia, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba kibandani mule mtu mmoja alikuwa akimtazama mwenzake akitafuna mkate mkavu, akaona hajapata kuona kitu kizuri kama hicho.

Kesho yake mimi na Mama Rejina tulizichemsha chupa zote kumi na mbili, pamoja na ile niliyorudi nayo, zikiwa wazi, muda mrefu sana, maana ile sumu huharibika kwa moto hata kama mdudu mwenyewe hafi, tukachimba shimo refu kando ya ukuta, tukamwaga, tukafukia. Hata kijiko tulikitupa. Hakunikaripia kuhusu maharage. Alipomaliza kushindilia udongo aliegemea jembe, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka mvi hizi:

"Ile maharagi, nilikusamehe mbele sijaketi. Lakini nilikuuliza kama ulimupatia mutu, ukaniambia hapana. Saa nzima, Rajabu. Tulikaa tunapima maji, na rafiki yako iko inangojea jua. Sumu ya chupa ingeua mutu moja. Ile hapana yako, siku moja itaua wengi."

Kidato cha nne hawakutufundisha jibu lake.

Ule mdudu, kama alikuwemo, kama hakuwemo, sijui hata leo. Mama Rejina alikwisha rudi kwa Mola wake, na Hamisi yuko Tanga na wajukuu, bado ananiita mwizi. Mimi bado ni mtu wa uani, nimehama nyumba moja tu tangu siku hizo, na hilo nalo nililia.

Sasa shika haya, mwanangu. Matunda yenye uchachu, weka chupani bila hofu, lakini ongeza muda wa kuchemsha, kwa kuwa tunaishi juu na maji yetu huchemka kabla ya kupata moto wake wote. Nyanya, tia limau, ucheke usicheke. Maharage, karoti, mahindi na vyote visivyo na uchachu, usivifungie katika maji matupu hata siku moja: vitie siki ya kutosha, au vikaushe, au tafuta sufuria ya presha ya kazi hiyo na mtu wa kukufundisha. Chupa ukiitilia shaka usiionje ili uhakikishe, maana nyumba njema si mlango, wala chupa njema si kifuniko kilicholia vizuri.

Hayo ni ya jikoni. La kubeba moyoni ni hili: utakosea. Utatoa mkononi mwako kitu ulichokipenda, ukakisifia, kisha ujue kina hatari. Siku hiyo usipime kwanza ukubwa wa aibu yako. Mficha uchi hazai. Sema, "Nimekosea, na imeshafika kwa fulani," liseme mapema, jua likiwa bado juu, kisha vaa viatu ukaifuate. Nenda hata kama ni kwa ajili ya sijui. Bora rafiki akucheke miaka thelathini kuliko umlilie siku moja.

Nenda, mwanangu. Mola ajaze rafu zako vitu vilivyo salama, na moyo wako usiwe na kona iliyofungwa kifuniko. Akupe watu wa kukushika mkono ukipotea, nawe uwe mkono wa waliopotea. Kila baridi ikija ikukute una cha kula, una wa kula naye, na nyote mkiamka asubuhi mhesabiane, mkute mmetimia. Amin.